Kadi za Shangazi Sidi

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Gede, mwanangu, wewe ambaye hujazaliwa. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na mchumba sina. Usicheke. Nakuandikia mapema kwa sababu wazee husahau makosa yao ya ujana, wakabaki na ya watoto wao tu.

Shangazi Sidi, dadake baba, ana miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto. Alipasuliwa Mombasa kuzibuliwa mirija ya uzazi. Mbuzi wote wa mumewe wakaishia huko, na mirija ikaziba tena. Daktari akasema anaweza kujaribu mara ya pili, bora asichelewe. Lakini mbuzi hawakuwepo tena, ikabidi iitishwe harambee.

Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nikapewa kadi niziandike. "Andika natafuta mtoto," Shangazi aliniambia. Mwanangu, mimi hata kujibu swali darasani huona haya. Mambo ya uzazi yasomwe na mwalimu wangu, na wazee wa kanisa, kwa mwandiko wangu? Nikaandika: matibabu ya tumbo. Nikajiona nimemsitiri.

Jumamosi hiyo ya harambee ilipofika, watu walikuja wengi, kila mtu na dawa yake. Mwarobaini, mizizi, hata uji wa mtama kwenye chupa. Sarafu zilizokuwa kwenye sahani zingemfikisha Mombasa. Za kumrudisha hazikuwepo.

Shangazi akachukua kadi moja, akaisoma. Hakunigombeza.

"Umeandika tumbo," alisema polepole. "Nikiumwa tumbo si nitachemsha mwarobaini nilale? Aibu hii ni yangu au yako?"

"Yangu, Shangazi."

"Basi ibebe mwenyewe. Mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa."

Akasimama mbele ya watu akasema yote. Kisha Mama Kazungu, jirani yetu mshona makuti, akasafisha koo.

"Sidi, tulidhani una vidonda vya tumbo, kumbe unatafuta mtu wa kumtuma dukani? Pesa sina, mikono ninayo. Kuna hoteli Watamu inataka makuti ya kuezekea."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki tatu wanawake walishona makuti uani kwetu kila alasiri, nami nikitoka shule nilikaa nao, vidole vikichanika. Ndipo Mama Kazungu mwenyewe aliposema kwamba kabla ya Kazungu mimba zilimtoka mara mbili, na hakuwahi kumwambia mtu. Shangazi akamshika mkono, kushona kukasimama kidogo.

Juzi lori la hoteli lilikuja kuyachukua makuti, pesa zikalipwa. Leo asubuhi Shangazi amepanda basi la Mombasa na mumewe. Nilimuuliza, je, ukikosa tena? Akasema, "Nitalia. Lakini nitakuwa nimekwenda."

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikutuma haja yake, ifikishe kama alivyokupa. Usimvike aibu yako ukadhani umemsitiri. Na siku ukihitaji watu, waambie neno lenyewe, maana mzigo usioutaja hakuna wa kukutua.

Mungu akukuze, akupe ulimi usioogopa na majirani wenye mikono. Ukimkuta mtoto wa Shangazi Sidi ametangulia kuja duniani, mwamkie shikamoo, ni mkubwa wako. Usipomkuta, mwamkie Shangazi mara mbili.