Niliifunga Koki ya Mashine Yake ya Kufulia

Admin, jina langu naomba lisionekane, mji wetu mdogo na tunajuana wote. Mimi ni dada wa miaka 28, fundi cherehani hapa Kiomboi, sijaolewa. Najua mtanisema. Semeni, ila mwishoni mnisaidie.

Miaka miwili nilipanga nyumba moja na mwalimu wa sekondari, kila mtu na chumba chake, bomba moja uani. Kila Jumamosi nilikuwa namfulia. Hakuniomba, nilianza mwenyewe: "Mwalimu, lete hayo mashati niyaunganishe na yangu." Yeye anapindua ndoo, anakaa, anasahihisha madaftari, tunapiga stori mpaka nguo zinakauka. Hajawahi kunitamkia kitu. Mimi nilishampenda zamani.

Mwaka huu mama mmoja, mteja wangu, akaniambia ana apatimenti imebaki wazi: vyumba viwili, maji ndani, na mashine ya kufulia kaiacha humohumo. Kodi haikupishana sana na tuliyokuwa tunalipa. Nikamkimbilia Mwalimu, tukaenda kuiona pamoja. Jamani, nilipima yale madirisha nikijua napima ya kwangu. Akahamia. Peke yake. Jumamosi iliyofuata nikafua vinguo vyangu vinne, nikamaliza saa tatu asubuhi, nikakaa naionea wivu mashine.

Kumbe bado. Nilipompelekea mapazia nikamkuta jirani yake wa mlango wa pili, binti anayeuza duka la dawa, kakunja miguu kwenye kochi anasubiri mashine imalize nguo zake. "Karibu dada, jisikie nyumbani," ananikaribisha mimi! Nyumba niliyoitafuta mimi! Nguo zilipokwisha, wakatoka wote wawili kwenda kuanika. Nikapeleka mkono nyuma ya mashine, nikaifunga koki ya maji. Nikaondoka zangu.

Mwalimu anafundisha hesabu, lakini kwenye mambo ya mashine na mabomba ni mweupe kabisa. Jumatano akapita kibandani kwangu. "Dada, mashine imekufa, haivuti maji. Naweza kukusumbua kama zamani?" Nikajifanya nasikitika. Moyoni nacheza.

Jumamosi akaleta mfuko. Nikaumwaga kwenye beseni: mashati, suruali, halafu magauni mawili na sketi.

"Hizo za jirani," akasema, wala hana wasiwasi. "Na yeye alikuwa anafulia kwangu. Nikamwambia asijali, dada yangu hana neno."

Dada yangu! Nikafua zote. Mwalimu hata ndoo hakupindua, alisimama anachati na simu huku anatabasamu, akaondoka. Leo ni Jumamosi ya tatu nafua magauni ya yule binti.

Sasa mwenye nyumba anasema binti ndiye aliyeiharibu mashine, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuitumia, na amempiga marufuku kuigusa. Mwalimu kamtetea mpaka wamekosana na mama wa watu. Jumatatu anakuja fundi kutoka Singida mjini, na akiivuta tu ile mashine ataiona koki. Siku ile niliyebaki ndani ni mimi.

Nikiungama kabla, namkosa Mwalimu na uso wa kumtazama sina. Nikinyamaza, binti wa watu anabeba kosa langu, na mimi, Mungu anisamehe, kuna sehemu yangu inataka alibebe. Au nimwambie tu kwamba nampenda, mengine yafuate?

Naandika haya nguo zimeshakauka. Gauni lake jekundu liko kambani katikati ya mashati mawili ya Mwalimu, na pasi nimeshaiwasha. Ndugu zangu, nishaurini, nifanyeje?