Nilichagua Mota ya Mashua Kama Beberu

Makosa ni yangu, nasema mwenyewe. Ilikuwa ule mwaka wa unga wa mahindi ya njano, Nairobi nzima tukila ugali wa kunuka gunia, na watoto wakilia ati hicho ni chakula cha kuku.

Mimi ni shosho, nyanya wa hapa Kabiria. Shule niliona mlango tu. Lakini mbuzi, niulizeni! Pale machinjioni Dagoretti nilikuwa namwangalia beberu kifua na miguu, nasema kilo zake, na akishachinjwa mizani inanikubali. Wanaume waliniita Mama Mizani. Hiyo sifa ndiyo iliyoniua.

Kifungua mimba wangu alikuwa mvuvi Naivasha. Mashine ilimharibia mkono wa kulia, akashindwa kupiga kasia. Halafu akasikia kuna mota ya betri, inafungwa mbele kwenye pua ya mashua, unaiongoza kwa mguu. Haina kelele, samaki hawakimbii, na ule mkono mzima unabaki wa kushika ndoana.

"Mama, na hiyo nitakuwa mtu tena," aliniambia. Woi, macho yake siku hiyo!

Nikauza mbuzi zangu. Nikamwambia pesa ni yangu, kwa hivyo nachagua mimi. Hakubishana. Alinipa tu kamba, imefungwa fundo na uzi mwekundu.

"Kutoka pua ya mashua mpaka kwa maji ni hapa kwa fundo. Mwonyeshe mwenye duka. Mota ikiwa fupi, wimbi likiinua pua, feni yake ya kusukuma maji itatoka nje na mimi nitakwama."

Nilikasirika. Mimi nibebe kamba kama fundi wa nguo! Mashua nilikuwa nimeiona mara moja tu, imelazwa kifudifudi kwa nyasi, lakini nilijiona naijua. Kamba nikafungia mlango wa kuku. Nikaenda mjini mikono mitupu.

Mwenye duka alikuwa Kalasinga mmoja mpole, mzee. Akaniwekea mota mbili mbele yangu.

"Mama, kutoka pua mpaka maji ni kiasi gani?"

"Ni kawaida."

"Kawaida ya nani, Mama? Rudi upime. Zote mbili nitakuwekea mpaka kesho."

"Sipimi. Macho yangu yanatosha."

Akatabasamu. "Mama, hata mimi niko na macho, na bado niko na futi."

Wateja wakacheka. Basi! Hapo shingo yangu ikawa chuma.

Ile ndefu ilikuwa na mguu mwembamba kama wa korongo. Ile fupi ilikuwa imejaa, imesimama imara kama beberu wa kwanza sokoni. Mnajua nilibeba gani.

Siku ya tatu mwanangu akiitumia, upepo wa alasiri ulishika ziwa. Kila pua ikiinuka, feni inazunguka hewani, inalia bure. Upepo ukamsukuma mpaka kwa viboko, na kiboko akapindua mashua, ikapasuka. Alijivuta kwenye mafunjo kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, jamani!

Alifika Kabiria nguo zimemkaukia mwilini.

"Mama, ile kamba ulimwonyesha?"

"Nilimwonyesha! Huyo Kalasinga alinidanganya."

Hapo ndipo dhambi yangu iko. Kuchagua vibaya ni ujinga. Huu ulikuwa uongo, na niliusema nikimwangalia.

Alienda mjini akamtukana yule mzee wa watu mbele ya wateja wake. Akarudi jioni, sauti imemwisha.

"Anasema hakuona kamba. Anasema alikuomba urudi upime."

Nikafungua mdomo niape. Lakini hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia mlango wa kuku, na ule uzi mwekundu.

Akaifungua ile kamba polepole, kwa vidole na meno. Akatafuta kipande cha waya, akafunga mlango tena, kuku wangu wasitoke. Kamba akatia mfukoni, akaenda. Hakuniaga.

Ni miaka kumi sasa. Unga mweupe ulirudi, yeye hakurudi. Mpaka leo napika ugali wa watu wawili, kama siku alizokuwa akinitembelea, mkono haujui kupika kidogo. Ule mwingine nawapa kuku. Usiku nasikia sauti ya mtu akiongea ndani ya nyumba, kumbe ni mimi.

Wenzangu, kujua kazi moja sana si kujua zote. Mtu akikupa kipimo chake, kibebe, hata kama unaona anakudharau. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo! Ukweli ungeniaibisha jioni moja tu.

Sikuwa nimemaliza kujifunza. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Shiru, binti yake, alibisha mlango. Ameshakuwa msichana mkubwa, ana pua yangu. Akatoa kamba mfukoni. Ile ile! Uzi umepauka, fundo bado liko.

"Shosho, Baba anakujengea chumba kwake Naivasha. Ameniambia nipime kitanda chako na hii, ndio kienee."

Kitanda kilikuwa hapo hapo, hatua tatu. Nilitaka kuishika hiyo kamba niilie. Aki nilitaka! Lakini nilipoliona lile fundo, aibu yote ilinirudia, na mdomo ukanitangulia:

"Sipimi. Macho yangu yanatosha."