Tanuri Lililozibwa Pumzi

Mchoma chokaa huyu alikuwa na mdomo mrefu kuliko bomba la tanuri lake. Alijigamba kwamba jiwe likimwona tu, linalegea. Lakini safari hii hakuwa na wa kumtambia. Mkewe alikuwa kalala chumba kilichopakana na tanuri, kifua kimembana, na kila upepo ulipogeuka alikohoa mpaka macho yakamtoka. Chokaa hii ndiyo ilikuwa hospitali yake; isipouzwa, basi tena.

Basi bwana mkubwa huyo akakoroga udongo, akaziba matundu yote ya juu ili moshi usimfikie mgonjwa. Kuni akazipakia maradufu.

"Shemeji," kaka wa mkewe, aliyekuwa mpakiaji wake, akamchokoza, "hapo unachoma jiwe au unaliatamia?"

"Wewe beba kuni. Moto ninao, jiwe litakwenda wapi?"

Haya, sikilizeni hapa, na mwalimu msimwulize, atawachosha. Jiwe likiungua hutoa hewa, likabaki chokaa. Hewa ikipata njia ya kwenda zake, jiwe huzidi kuitoa. Ukiifungia ndani ikarundikana, chokaa nayo huanza kuimeza tena na kurudi kuwa jiwe. Kinachotoka na kinachorudi vikishalingana, hapo umekwama, hata ukeshe unapuliza. Moto mkali sana ungelisukuma jiwe mbele kidogo, lakini moto wenyewe, kwa kukosa upepo, ulikuwa unasinzia. Na kadiri tanuri lilivyopoa, ndivyo chokaa ile kidogo ilivyozidi kujirudia.

Walipobomoa mlango wa tanuri, mchoma chokaa akatoa bonge moja, akalimwagia maji. Chokaa iliyoiva hufoka, ikachemka, ikapasuka. Hili lililowa tu.

"Tuzibue matundu, tuchome upya," shemeji akasema. Utani ulikuwa umemwisha.

"Kwa kuni zipi? Na dada yako avute nini?"

Shemeji akatazama majivu.

Sauti nyembamba ikatoka chumbani. "Baba Watoto, imefoka?"

"Imefoka, mke wangu! Nusura inirukie usoni."

Mke akakohoa, akakohoa tena, akatulia.

"Mbona mimi sijasikia?"

Yule mwenye mdomo mrefu aliinama, akalimwagia lile bonge maji yote yaliyobaki ndooni, akatega sikio.