Landrova ya Baba na Tambarare ya Igawa

Niliondoka Uyole na hasira, na asitokee mtu wa kusema nilikwenda kutalii. Kaka yangu Gaudensi alinipigia simu kutoka Iringa na, bila hata kunijulia hali, akaniambia kwamba Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu anakuja nyumbani kwa baba, Mlandege. Alichokuwa anakuja kununua ni Landrova ya baba, ambayo baba aliniachia Mbeya nibebee viazi. Sasa mzee alikuwa amelitaka gari lake lirudi uwanjani kwake, awe anakaa ndani yake asubuhi akiota jua. Kaka naye alikuwa anautaka uwanja huohuo ajenge vyumba vya kupangisha.

"Likifika lenyewe, litakaa," alisema. "Likija linavutwa kwa kamba, linakwenda kwenye mzani. Baba amekubali."

Baba amekubali! Baba amechoka kubishana nawe, ndilo neno.

Alfajiri ya Ijumaa, Uyole. Ukungu ulikuwa mzito, mvua inanyunya, na gari lilikuwa limelala mteremkoni na jiwe chini ya tairi. Kwetu gari hulala mteremkoni. Unatoa jiwe, linateremka, unaachia klachi, linawaka, na kwa kuwa ni la dizeli, likishawaka halidai betri. Ukiishi Mbeya hukosi mteremko, kwa hiyo nilikwisha kuamini kwamba gari la kizamani ndivyo lilivyo, kama mzee anavyohitaji kushikwa mkono akisimama. Kila fundi niliyempelekea alinipa sentensi moja: "Mama, betri imekufa." Nanunua nyingine, nayo inakufa. Nimezika betri nyingi kuliko kuku.

Nilishuka kuelekea Chimala taa zikiwaka na waipa zikifuta kioo, kwa betri niliyoichajisha jana yake. Ukungu uliisha, joto likaanza, na kabla ya saa sita nilikuwa Igawa. Njaa ilikuwa inaniuma, nikaegesha kando ya barabara mbele ya mama mmoja aliyekuwa anauza wali, na kwa mazoea nikazima gari.

Niliporudi na kuzungusha ufunguo, likasema tik. Basi. Nikatazama huku na huku nikitafuta mteremko. Nani aliniloga nikazime gari Igawa? Pale ni Usangu, nchi ya mpunga, imenyooka hadi macho yanachoka. Wanaume waliokuwa wanapakia magunia ya mchele wakaja kusukuma, wakasukuma hadi mashati yakaloa, lakini tambarare haikulipa gari mwendo, halikushtuka. Mmoja akajifuta jasho akasema, "Mama, hii si ungeiacha makumbusho tu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Akaja fundi wa pale, Sanga, mwenye kibanda cha kuchaji betri, mita ya kupimia mkononi. Aliinama, akagusa nyaya zake mbili kwenye betri, akainuka.

"Mama, hii betri imekufa."

Nilimpandishia sauti hadi muuza wali akageuka. "Imekufa, imekufa! Kwani ina malaria? Kila fundi ananiambia imekufa, hakuna hata mmoja aliyeniambia nani anaiua! Mwaka jana ilikuwa mpya, ikafa. Kabla ya Pasaka nikaweka mpya, ikafa. Wewe unataka kuniuzia maiti ya ngapi?"

Sanga alikunja nyaya za mita yake. "Sasa mama usinifokee mimi. Tuiwashe na betri yangu, tuone."

Tukaiwasha na betri yake. Injini ikanguruma, akapima tena kwenye betri. Gari likiwa linachaji vizuri, mshale wa mita hupanda. Huu haukupanda hata unywele.

"Dainamo hiyo," akasema. "Ninayo moja dukani."

"Huniuzii kitu kabla hujapima. Pima kwenye dainamo yenyewe."

Akapima kwa kununa. Mshale ukaruka. Kumbe dainamo ilikuwa nzima na moto wa umeme inautoa, ila hauifikii betri. Tukatazamana, na safari hii hakuna aliyemfokea mwenzake.

"Taa yako nyekundu ya chaji haijawahi kukuonya?" akauliza.

"Ilikuwa inawaka muda wote. Fundi mmoja wa Uyole akaishika siku moja tu, ikazimika. Nikamshukuru."

Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akavuta kishikio cha taa. Hakikuwa na balbu. Yule bwana aliitoa balbu ili taa isinisumbue, nami nikamshukuru na kumpa debe la viazi! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu alificha maradhi ya gari la mwenzake, kifo kikaniumbua mimi, Igawa, mbele ya wapakia mchele.

Kati ya dainamo na betri kuna kile kiboksi mafundi wanachokiita katauti, ndicho kinachoufungulia moto njia. Kimefungwa kwenye bati nyuma ya injini, na kina waya wake wa ethi, wa kurudishia moto kwenye mwili wa gari, unaokazwa kwenye bati hilohilo. Sanga alichukua kipande cha waya, upande mmoja akaugusisha kwenye ethi ya katauti, upande wa pili moja kwa moja kwenye injini. Mshale ukapanda. Akaondoa waya, ukashuka. Akafungua skrubu ya ethi, akaniita nione.

Chini yake kulikuwa na rangi ya bluu, nzito, inang'aa kama sahani. Nilijua bluu ile. Kaka Gaudensi alipooa alitaka kwenda kanisani na Landrova inayong'aa, akamleta fundi wa rangi, wakafungua kila kitu, wakapaka mpaka ndani ya boneti ili wageni wakifunua waone. Kisha wakafunga skrubu juu ya rangi, na rangi haipitishi moto. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya harusi ile baba alikuwa anaegesha popote. Mambo ya jiwe na mteremko yalianza baada ya keki.

Yeye aliyeliua gari ndiye aliyekuwa analiitia mnunuzi wa chuma chakavu. Nikatoa kisu changu cha viazi, nikaikwangua rangi ile hadi bati likawa jeupe, Sanga akakaza skrubu. Mshale ukapanda, ukatulia. Tuliiacha betri yangu ichajiwe kibandani kwake wakati jua likipungua makali, kisha akaniwekea na balbu mpya, bila kuombwa.

Makambako upepo ulikuwa wa baridi. Mafinga nilizima gari makusudi, mahali palipo sawa kabisa, nikalisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Ufunguo mmoja tu, likawaka. Nilipiga honi peke yangu.

Iringa niliingia jioni, nikapanda kutoka Ipogolo hadi Mlandege. Kaka alikuwa langoni, mwanamume mzima, ameshaweka jiwe kwenye mteremko wa kuingilia ili niegeshe hapo. Nilimpita. Uwanja wa baba una mahali pamoja tu palipo tambarare, napo ni pale kaka alipokuwa amesawazisha na kufunga kamba za msingi wa vyumba vyake. Nikasimamisha gari katikati ya kamba, nikazima, nikamtupia ufunguo.

"Kamwene, kaka," nikamsalimu kwa Kihehe. "Washa."

"Hapa? Mama Upendo, hapa haliwezi..."

"Washa!"

Likawaka. Baba alitoka na fimbo yake, akausikiliza mlio, akapapasa mlango wa bluu. Nikawaeleza wote habari ya skrubu, na kaka akatazama viatu vyake. Mzee akafungua mlango, akakaa kwenye usukani.

"Liacheni hapahapa," akasema.

Mnunuzi alikuja Jumamosi akanywa chai, akaondoka na mzani wake. Jumapili baada ya misa nilipanda basi kurudi Mbeya. Tulipopita Igawa niliitazama tambarare ile kwa heshima, kwa sababu milima yetu ndiyo iliyotuficha ubovu miaka yote hiyo. Sasa nikisikia kitu kimekufa, nauliza kwanza nani amekiua.

Nilikuwa bado njiani ujumbe wa kaka ulipoingia: "Sasa vyumba nitajenga wapi?"

Nikamjibu: "Mteremkoni."