Saa Tano Hadi Dubai

Mwanangu, tangu utuonyeshe hiyo tiketi yako, wimbo wako ni mmoja: huko niendako si mbali, ni saa chache tu za ndege. Hebu acha kukunja mashati, ukae hapa.

Yananijia masika ya miaka ile biashara huria ilipoanza, kila kijana wa Kyela akitaka kuvuka mpaka wa Kasumulu na kupita mbele zaidi. Kaka yangu Ambakisye alipata kazi kwa mfanyabiashara wa Dar, akapelekwa Dubai kuangalia ghala la vipuri. Siku anaaga hapa Ipinda, mama alimuuliza huko Dubai ni wapi. Kaka hakutaka kumtia wasiwasi. Akamwambia, "Ni karibu, mama. Ukitoka Dar ni saa tano tu kwa ndege."

Mama alijua safari moja ndefu, ya basi la Dar, kutwa kucha. Akapiga hesabu zake, akawatangazia majirani kwamba mwanawe yuko karibu kuliko watoto wao walioko Dar. Tulicheka, hakuna aliyemsahihisha.

Kisha akaugua. Homa ilianza kama mchezo, ikamlaza, ikamvimbisha miguu. Kila nilipotaka tumwite kaka, alikataa. "Msimsumbue mtoto kazini. Saa tano ni nini? Ikizidi tutamwita asubuhi, jioni atakuwa hapa."

Nilitii, lakini niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nikitoka kupepeta mchele, narudi mbio kuangalia kama kifua chake bado kinapanda.

Shangazi Tusekile, dada yake baba, alikuja kutoka Matema kumjulia hali mgonjwa, akanikuta nalia nyuma ya jiko. Nikamweleza. Akanikazia macho. "Ndege inaruka kwa saa tano. Na habari je, nayo inaruka? Simu iko mjini Kyela, barabara imejaa maji. Tiketi ataipata siku hiyohiyo? Na akishuka Dar, si atapanda basi lilelile?"

Shangazi hakumwomba mama ruhusa. Alifunga khanga vizuri, akaingia kwenye maji kwa miguu kwenda kupiga simu.

Siku zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Kila gari likinguruma barabarani nilisimama. Mama akaanza kuniita kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa, nami nikawa naitika, kwa hofu tu.

Kaka aliingia mchana mmoja, matope mpaka magotini. Mama akafumbua macho, akamtambua, akamshika mkono. Kisha akanigeukia mimi, akatabasamu.

"Si nilikwambia? Hata sijamwita, amefika. Ni karibu."

Shangazi akageukia ukutani. Kesho yake mama hakuamka.

Basi mwanangu, usinipoze kwa saa za ndege. Niambie njia nzima, kutoka kitandani kwako huko mpaka mlango huu, na kila kinachoweza kukukwamisha katikati. Nami sitangoja ikizidi. Nikiumwa kichwa tu nitakuita, nawe usinune.

Nenda. Mungu akupandishe salama, akushushe salama. Na siku tutakayokuita, maji yakupishe barabarani, utukute bado tunaongea.