Zamu Mbili, Kitanda Kimoja

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pacha na mumewe walikuwa wakionana mlangoni. Mke anarudi kutoka kiwanda cha nyuzi, pamba imemganda kwenye nyusi. Mume anatoka kwenda gereji, mkononi ana kikombe cha chai ambacho hajakimaliza. "Lala salama," anasema mume, jua ndiyo kwanza linachomoza. "Kazi njema," anajibu mke, anakipokea kikombe na kumalizia chai. Wifi yake, ambaye ulimi wake hauna mfupa, alikuwa akisema wale si mke na mume, ni walinzi wanaopokezana lindo. Mwacheni aseme. Pacha walikuzwa katika ndoa hiyo hiyo, kwa hiyo lindo hilo halikwenda bure.

Kiwandani walimwita Bundi. Mwingine angenuna, maana hakuna anayependa bundi atue kwenye paa lake, lakini yeye alilibeba jina lile kama cheo. Uzi ukikatika katikati ya mngurumo wa mashine, alikuwa anauona kabla ya msimamizi, anaunganisha kwa vidole viwili na kupita zake. Zamu ya usiku aliiomba mwenyewe, ili pacha wakitoka shule wamkute mama yao nyumbani. Usingizi aliulala vipande vipande, dirisha kaliziba kwa blanketi, na alijisifu kwamba mwili ni mazoea, ukiufundisha unafuata.

Uvimbe aliugusa akiwa anaoga, mwaka ambao pacha wote wawili walikuwa wameshahamia makwao. Ilikuwa saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapangiwa dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Tatu za kwanza alizimudu, kwa kutapika na kwa kiburi. Ya nne ikagoma. Hospitali huwa wanapima damu kwanza, na chembe zake nyeupe, zile zinazopigana na maradhi, zilikuwa chache mno. Wakamwambia arudi baada ya wiki. Akarudi, zikawa bado chache. Kila dripu iliyoahirishwa ilikuwa nafasi anayopewa ugonjwa, na hilo alilijua bila kuambiwa na mtu.

Daktari wake, binti wa rika la pacha, alimuuliza analalaje.

"Kazini wamenipa likizo, lakini usiku bado silali, daktari. Saa nane macho kama taa. Mchana ndiyo nasinzia kwenye kiti mpaka nadondosha kijiko."

Daktari akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba mwili una saa yake ya ndani, na viungo vyote vinaifuata. Hata askari wa kinga wana nyakati za kupiga doria na nyakati za kurudi kambini. Mwanga wa asubuhi na giza la usiku ndivyo vinavyoiweka sawa saa hiyo. Anayekesha miaka mingi huivuruga, na watafiti wanashuku kwamba kukesha huko huongeza hatari ya baadhi ya saratani.

"Kwa hiyo askari wangu nao wana zamu."

"Wanazo, mama."

"Na mimi nimewavurugia ratiba miaka kumi na tisa. Ndiyo nikaumwa?"

"Kwa mtu mmoja mmoja hatuwezi kujua. Wapo waliokesha wakazeeka wazima, na wapo waliolala mapema kila siku wakaugua. Usijihukumu. Na sikudanganyi, usingizi peke yake hautazijaza chembe zako kama maji kwenye ndoo. Ila mwili uliopumzika unastahimili zaidi. Asubuhi toka juani, kula kwa wakati, usiku zima taa ulale."

Kuzima taa ni rahisi. Kumzima Baba Pacha ndiyo kazi. Mzee wa watu alikuwa anakoroma kama injini ambayo mwenyewe angeikataa gereji. Mama Pacha hakulalamika. Alilala macho, kiganja juu ya mgongo wa mumewe, akiufurahia joto lake na kumlaani kimoyomoyo. Lakini mume si mjinga. Alimkuta mara tatu amekaa kitandani alfajiri, macho mekundu, na mara zote tatu akaangalia pembeni kama aliyevunja sahani ya watu.

"Nitakuwa nalala kwa kaka," akatangaza jioni moja. "Mpaka chembe zipande. Kuna chumba."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi saa moja alikuja na mkate, akamtoa mkewe kizingitini, wakakaa juani wakiwateta wapita njia, kisha akaaga kwenda kazini. Mama Pacha usiku wa kwanza alipata usingizi wa saa tatu tu. Wiki ikipinduka alikuwa anapata wa saa sita, na dirisha halikuwa na blanketi tena.

Baada ya wiki mbili wakaenda hospitali pamoja. Daktari alisoma karatasi ya vipimo, akatabasamu. "Damu imekubali. Huenda ni usingizi, huenda ni muda tu, mimi sitabishana nayo. Leo tunaendelea."

Muuguzi alimfunga dripu. Mama Pacha akageuka amwambie mumewe neno la furaha, akamkuta amesinzia kwenye kiti, kidevu kifuani.

Akamtazama. Kope zilikuwa zimevimba. Kofia ameivuta kuyakinga macho, na jua lenyewe lilikuwa la wingu. Mkate wake alikuwa ameung'ata mara moja tu, kama mtu ambaye tumbo lake bado halijajua kwamba kumekucha. Halafu kucha: kucha za fundi magari, katikati ya wiki, zilikuwa safi kabisa, hazina hata chembe ya grisi. Mfukoni mwa koti ilichungulia tochi. Unaweza kumficha Bundi mambo mengi, lakini si usiku.

"Baba Pacha. Unalinda wapi?"

Mume akazinduka. "Kulinda nini?"

"Usinifanye mtoto. Tochi ya nani hiyo?"

Akaitazama tochi, akaona hakuna pa kukimbilia. Kwa kaka hakukuwa na chumba chochote. Alikuwa amembembeleza tajiri wa gereji amruhusu abadilishane zamu na mlinzi. Usiku analinda, mchana analala kiti cha nyuma cha gari lisilo na injini.

"Nimejaribu kulala ubavu, nimejaribu mito miwili, nakoroma tu," akasema. "Nikaona afadhali nikeshe mimi. Na damu imepanda, au haijapanda?"

"Imepanda. Ila wewe unashuka."

"Mimi ni mzima."

"Hata mimi nilikuwa mzima. Miaka kumi na tisa nilikuwa mzima."

Dripu ilidondoka tone kwa tone, na kitanda cha jirani mtu alikohoa.

"Leo unarudi kulala nyumbani," Mama Pacha akasema. "Ukikoroma nakupiga kiwiko. Ukizidi, viwili. Tutauliza kama kuna dawa ya pua yako, hii si ndiyo hospitali?"

Baba Pacha akacheka, kisha mzee huyo ambaye hakulia siku ya upasuaji akajifuta macho kwa kofia.

"Zamani nilikuwa nalala peke yangu wala sijali," akasema, "maana najua asubuhi utaingia. Sasa nikikaa kule gereji nawaza kitu kimoja tu. Kwamba kuna asubuhi nitarudi mimi, na kitanda nitakikuta kitupu."

Mama Pacha aliogopa pia, na hakujifanya haogopi. Mkono mmoja ulikuwa na sindano, akaunyoosha ule mwingine, akamshika vidole.

"Leo kitanda kina mtu," akamwambia. "Njoo ukorome nikusikie."