Nilimwambia bibi "tutarudi", akafunga mbegu za maharage

Wakuu, habari za leo.

Mimi naandika hadithi za kubuni, kwa hiyo wengine mtasema hii nimeitunga. Hii haijatungwa. Ningejua kutunga vizuri hivi ningekuwa mbali.

Bibi yangu anakaa Katumba, nje kidogo ya Mpanda. Nyumbani tunamwita Nyogokuru, ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kirundi. Alivuka mpaka kuja Tanzania akiwa binti, wakati wa vita vya kwao. Uraia tulishapata siku nyingi, na mimi nimezaliwa hapa hapa.

Sijawahi kumwona akipumzika. Hata akiumwa anachambua maharage kitandani.

Basi mwaka huu nikasema hapana. Nitampeleka Karema, tupande meli, tukae juu ya Ziwa Tanganyika siku nzima bila kushika jembe. Wenzetu huko duniani wanapanda meli kwa ajili ya kupumzika tu, kwa nini bibi yangu asipande?

Nikamwambia, "Nyogokuru, tutapanda meli, halafu tutarudi."

Akaweka chini ungo wa maharage. Kisha akauliza, "Nani na nani?"

"Mimi na wewe tu."

"Sawa, mwana wanje," yaani mwanangu.

Nikaondoka kurudi kwangu Magamba, moyo mweupe.

Siku ya safari nikamkuta amekaa mlangoni na furushi kubwa. Ndani kuna sufuria, Biblia, jembe lisilo na mpini, na mbegu za maharage zimefungwa kwenye kitenge. Kuku wake wamehamia kwa jirani, Mama Neema. Huyo Mama Neema alimshika mkono bibi muda mrefu, macho mekundu.

Mimi nikajua wazee ndivyo walivyo, safari ya siku nne wanafungasha kama ya miaka minne. Nikabeba furushi, nikacheka.

Njia nzima, kutoka Mpanda mpaka tunapita Kasekese, bibi alikuwa anaangalia mashamba dirishani. Kila nikimwona kanyong'onyea namwambia, "Usijali Nyogokuru, tutarudi."

Naye anaitikia kwa kichwa. Wakuu, shikeni hilo neno.

Tukalala Karema, asubuhi meli ikaja. Siwezi kuwaeleza lile ziwa lilivyokuwa. Maji yametulia kiasi kwamba meli ilikuwa kama inapasua kitambaa kipya. Mkono wa kulia, mbali, milima ya Kongo imekaa kama moshi. Upepo unapita shingoni taratibu. Watu wametandika mikeka, dada mmoja anasukwa nywele, mahali fulani chini samaki wa migebuka wanakaangwa na harufu inapanda mpaka tulipo.

Kila mtu kalegea. Isipokuwa bibi yangu. Amekalia furushi lake, mgongo umenyooka, kashika fundo kwa mikono miwili.

Jirani yetu pale juu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, Mama Zai, mtu wa utani. Fundo la furushi lilikuwa limelegea, akaona maharage.

"Bibi, mbegu zote hizo unaenda kulima ndani ya ziwa?"

Bibi akajibu kwa upole tu, "Naenda kulima kwetu. Mjukuu amesema tunarudi."

Nilihisi meli imesimama, ila haikusimama.

Kwa wale wasiokulia Katumba, makazi ya waliokimbia Burundi, niwaeleze. Kwa wazee wetu, "kurudi" ni neno lenye njia moja. Ukisikia fulani amerudi, maana yake amepanda gari na vitu vyake, amerudishwa Burundi, nyumba yake imebaki wazi. Ukienda mjini na kuja nyumbani jioni, hilo wanaliita "kuja" tu.

Na mimi njia nzima nilikuwa namliwaza kwa neno hilo hilo.

Nikachuchumaa mbele yake. "Nyogokuru, Burundi iko kule nyuma. Sisi tunaenda huku, Kipili. Keshokutwa unalala kitandani kwako, Katumba."

Akageuka akatazama nyuma, maji matupu. "Sasa huko Kipili tunafuata nini?"

"Hakuna. Tunakaa tu humu melini."

"Nani anapanda meli kubwa hivi bila kufuata kitu?"

"Wazungu," Mama Zai akadakia, na watu wa mkeka wa pili wakaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Alikuwa bado ananisoma uso. Ndipo nikamuuliza: kama alidhani anarudishwa, mbona alikubali bila neno?

"Si ulisema mimi na wewe," akasema. "Nikaona wewe huko humjui mtu, hata lugha unaikosea. Ukienda peke yako nani atakupikia?"

Wakuu, nilikwenda kushika chuma cha pembeni, nikajifanya natazama milima ya Kongo.

Niliporudi, Mama Zai alikuwa amempa samaki na ugali, wanawasema wanaume. Alipomaliza kula, bibi akavua ndala. Akasukuma furushi, akaliwekea kichwa. Akalala. Mchana kweupe, mikono imefunguka, vidole havina kazi.

Sikupiga hata picha. Nilikaa nikamzibia jua kwa kivuli changu mpaka Kipili ilipoonekana.

Tulilala kwa rafiki yangu, meli ilipogeuza tukaipanda tena. Safari hii furushi nilikaa nalo mimi, bibi alikuwa anazunguka huku na huku kama mwenye meli.

Kufika Katumba, Mama Neema alipotuona alidondosha ndoo. Bibi akasimama katikati ya uwanja wake, akauangalia kama anauhesabu, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia:

"Tumerudi."

Halafu akaulizia kuku wake. Mmoja alikuwa keshaliwa, na hiyo kesi inaendelea mpaka leo.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kabla hujamtuliza mtu, jua neno lako linalala wapi kwake.

Nyie kwenu ni neno gani ambalo wazee wanalisikia tofauti na mnavyolisema? Shusheni hapo chini, nasoma yote. Maharage tumeshayapanda.